Ditekta huku Uingereza: uanzie shambani au ufukweni, na ununue mashine ipi

Shemeji yangu wa Ipswich kanitumia picha juzi usiku. Kaweka XP Deus II kwenye kapu la duka la mtandaoni, ditekta ya kutafutia sarafu na vyuma vilivyofukiwa, ya pauni zaidi ya elfu moja, chini kaandika "Shem nibonyeze?" Nikamuuliza utaipeleka wapi. Kimya mpaka asubuhi, ndo akajibu "si popote tu shem, huku nyasi ziko kila mahali".

Popote tu! Sisi tumekulia sehemu ambazo kiwanja kikikaa bila nyumba watoto wanacheza chandimu, mbuzi wanakula, hakuna wa kukuuliza. Huku hakuna kipande kisicho na mwenyewe, bustani ni ya halmashauri, msitu ni wa mtu au wa taasisi, hata nyasi za pembeni ya barabara zina mwenyewe. Ukiingia na ditekta bila ruhusa umevamia, ukichimba ukaondoka na kitu hiyo inaweza kuhesabiwa wizi kabisa. Nikamwandikia meseji ndefu mpaka vidole vikauma, ndo nikaona niiweke vizuri na wengine wasome, maana hili swali naulizwa kila kiangazi kikianza.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Kent, huu mwaka wa sita niko na huu ugonjwa. Nimeanza na mashine ya bei chee, nikapanda ya bei mbaya, nikarudi ya katikati. Na ninachoamini mpaka sasa ni kwamba unachagua ardhi kwanza, halafu ardhi yenyewe ndo itakwambia mashine gani.

Mnabisha? Hazina ya Staffordshire, ile ya dhahabu ya Waanglo-Saksoni, ilipatikana 2009 kwenye shamba karibu na kijiji cha Hammerwich. Terry Herbert aliyeipata alikuwa na ditekta yenye umri wa miaka 14, chuma chakavu, ila alikuwa na ruhusa ya mwenye shamba. Ikathaminiwa pauni milioni 3.285 wakagawana. Na Hoxne, Suffolk, hapo hapo kwa shemeji, Novemba 1992 mzee Eric Lawes alienda kutafuta nyundo ya rafiki yake mkulima iliyopotea shambani, akaibuka na hazina ya Kirumi yenye sarafu karibu elfu 15. Na alipoona kinachotoka akaacha kuchimba, wakaitwa wataalamu wakakuta vitu vimekaa vilivyopangwa. Nyundo nayo ilipatikana, siku hizi iko British Museum. Nyundo!

Haya, sasa tulinganishe.

Ufukweni

Kuingia ndo rahisi zaidi. Karibu nusu ya eneo linalofunikwa na maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa liko chini ya Crown Estate, shirika linalosimamia mali za ufalme, nao wanaruhusu ditekta bila kuomba kibali wala kulipia, ila kwa masharti yao, yasome. Nusu nyingine ni ya halmashauri, watu binafsi, jeshi, au National Trust, taasisi ya kutunza majumba na ardhi za kihistoria, ambao kwa kawaida hawataki ditekta kwao. Na ule mchanga mkavu wa juu ambao maji hayafiki ni habari nyingine, mara nyingi ni wa halmashauri, kwahiyo unacheki tovuti yao au unapiga simu, dakika tano. Mto Thames pale London msiuchanganye na hili, ule una kibali chake cha mamlaka ya bandari na foleni yake ni ndefu.

Sisi wa pwani hapa tuna faida ambayo Waingereza wengi wanaisoma kwenye app, yaani tunajua bamvua. Bamvua maji yanapwa mbali, unafika sehemu ambazo wiki nzima zilikuwa chini ya bahari. Maji mafu usijisumbue, utazunguka palepale walipopita watu kumi. Na dhoruba ikipiga usiku kucha, asubuhi yake amka, maana mchanga unakuwa umechotwa na vile vizito vimebaki chini.

Unapata nini? Sarafu za juzi, funguo, hereni, risasi za kuzamishia ndoano, na pete. Pete zinapotea sana baharini kwasababu maji ya huku ni baridi, kidole kinasinyaa, mtu anapiga mbizi anatoka bila ndoa yake. Ila sasa, pete iliyopotea juzi sio yako kwa vile tu umeiokota. Kama mwenyewe anaweza kupatikana unatakiwa umtafute au uipeleke polisi, vinginevyo ni wizi wa kuokota, na wapo waliojifanya hawajui wakajua baadaye. Ukipata kitu cha meli iliyozama, hicho unaripoti kwa Receiver of Wreck, afisa wa serikali wa mali za meli zilizozama, ndani ya siku 28.

Kuchimba ndo starehe yake, unachota na lile chepe la matundu, unatikisa kama unachekecha unga, mchanga unashuka, kinabaki kitu. Nusu dakika. Hasara zake, kwanza chumvi, tutaifikia kwenye mashine. Pili vipete vya makopo ya soda. Jamani vile vipete! Namba kinayotoa kwenye skrini ni ileile ya pete ya dhahabu ndogo, kwahiyo ukiamua usivichimbe na dhahabu unaiacha. Siku moja mwezi wa nane nilihesabu nilivyotoa, 31, na pauni tatu na senti 40, na jino la bandia. Jino nililirudisha lilipokuwa.

Shambani

Huku ndo kwenye historia, na huku ndo pagumu kuingia.

Nikuonyeshe kwanza kwanini watu wanasumbuka. Mwezi wa kumi, shamba la ngano limevunwa limeshalimwa, udongo mweusi umelowa unanata kwenye gambuti mpaka unatembea kama umefungwa matofali. Signo, yaani mlio wa mashine, imekuja nyembamba, inakatika, ukigeuka upande mwingine inarudi. Nikakata bonge, nikalivunja na mikono, pinpointa, kile kiditekta kidogo cha mkononi, ikalia ndani ya donge dogo kama andazi. Nikalipasua na kidole gumba, kikatoka kitu chembamba kama gamba la samaki, cheusi kidogo, nikakilowesha mate, ukatokea uso wa mfalme umechorwa kitoto na nywele zimejikunja pande mbili, na nyuma msalaba mrefu unaofika ukingoni. Peni ya fedha ya Edward wa Kwanza. Miaka zaidi ya mia saba hakuna mkono uliowahi kuishika zaidi ya wa yule aliyeidondosha na wangu. Nilikaa chini kwenye tope kama mjinga.

Na sarafu hiyo sio adimu, wala haina bei ya kukutoa kwenye umaskini, nasema mapema kabla mtu hajaacha kazi.

Sasa ruhusa. Lazima umpate mwenye ardhi, na kama shamba limekodishwa na anayelima naye akubali. Omba maandishi, hata karatasi moja iliyosainiwa, iseme wapi unaruhusiwa, lini, na mtakachopata mnagawana vipi, kawaida ni nusu kwa nusu. Mimi niligonga milango kumi na moja. Wengine wanakwambia hapana kwa adabu, mmoja aliongea na mimi kupitia dirisha, wengine wameshaumizwa na wale wezi wa usiku wanaoingia na ditekta gizani wanaacha mashimo mpaka ng'ombe wanavunjika miguu. Wa kumi na moja mzee mmoja akaniambia pini ya trela langu imedondoka kule bondeni, ukiipata tutaongea. Nilihangaika kama dakika arobaini nikaipata. Tangu hapo naingia. Kwahiyo ushauri wangu usiende na maneno ya hazina, nenda na huduma, wakulima wanapoteza vyuma kila siku na chuma kikiingia kwenye mashine ya kuvunia ni hasara kubwa.

Na tuseme ukweli tu, mtu mweusi na koti la jeshi anayezunguka peke yake shambani jioni na kifimbo kinacholia, kuna anayetembeza mbwa atapiga simu. Kwangu imetokea mara mbili. Askari walikuja, nikawaonyesha barua, mmoja akataka kujua mashine ni bei gani, yakaisha. Ile karatasi ikae mfukoni, sio nyumbani.

Shamba lina kalenda yake. Baada ya mavuno, Agosti na Septemba, kabla hawajapanda, ndo sikukuu yetu. Yakishaota huingii mpaka mwakani. Malisho unaweza kwenda muda mwingi ila unakata jani kwa ustadi, upande mmoja unauacha umeshika kama kifuniko, unachimba, unarudisha, unakanyaga, asione mtu. Na geti kama ulilikuta limefungwa lifunge, ng'ombe wa watu wakiingia barabarani huna tena shamba. Kitu kingine kinachoua mashamba mazuri siku hizi ni ile mbolea ya taka za bustani, inamwagwa imechanganyika na vipande vya makopo yaliyosagwa, mashine inalia kila hatua mpaka unavua hedifoni.

Sheria za shambani ni nyingi ila za kushika ni chache. Maeneo ya kale yaliyosajiliwa na serikali ni kosa la jinai kupita na ditekta bila kibali rasmi, sheria ya 1979, na mkulima hawezi kukuruhusu hata kama ardhi ni yake, kwahiyo angalia ramani kabla. Ukipata kinachoitwa hazina kisheria una siku 14 kuripoti kwa koroneri, yule anayechunguza vifo vyenye utata (usiniulize hazina imefikaje mezani kwake, ni mambo ya kulinda mali za mfalme tangu enzi). Hazina ni mfano sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizopatikana pamoja zenye miaka 300 na kuendelea, au pambo la umri huo lenye angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha, na tangu Julai 2023 wameongeza vitu vya kipekee kihistoria vyenye zaidi ya miaka 200 hata kama ni shaba tu. Peni yangu moja haikuwa hazina. Niliipeleka hata hivyo kwa afisa wa vitu vya kale wa eneo letu, kila sehemu ya Uingereza na Wales ina wake, akaipiga picha akaiandika, nikarudishiwa. Huo mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa ulianza 1997 na una rekodi zaidi ya milioni moja na nusu, nyingi zimeletwa na watu wa kawaida kama sisi. Scotland wao unaripoti kila cha kale bila kujali ni dhahabu au la, na Ireland ya Kaskazini kuchimba vya kale kunahitaji leseni, kwahiyo ukihama usihamie na sheria zako.

Ukikuta bomu, na utakuta, vita vya pili viliacha mengi shambani na baharini, usiguse, weka alama, rudi nyuma, piga 999, namba ya dharura.

Klabu na rali

Hii ni njia ya katikati kwa asiye na uso wa kugonga milango. Klabu wana mashamba yao ya kupokezana, unalipa ada, unaenda nao Jumapili. Rali unalipa siku moja, mnaingia watu mia shamba moja. Rali mimi sizipendi, ni kama mnada, na shamba lenyewe wakati mwingine limeshachekechwa mara tano. Klabu ndogo ndo shule nzuri, kuna wazee wanasikia sauti ya mashine yako kutoka mbali wanakwambia acha, msumari huo. Ukijiunga na NCMD, baraza la kitaifa la watu wa ditekta, pia unapata bima ya kulipa hasara ya mtu mwingine, na baadhi ya wakulima wakisikia una bima uso unalegea.

Mashine sasa

Ditekta nyingi ni za aina ambayo ndani ya ile sahani ya chini koili moja ya waya inatuma mawimbi nyingine inapokea, na kwa jinsi mawimbi yanavyorudi mashine inakisia ni chuma au fedha au foili. Zinatofautiana kwenye masafa, yaani hayo mawimbi yanapiga mara ngapi kwa sekunde. Za masafa mamoja, mfano Garrett ACE 300i ya 8 kHz au Nokta Simplex, ziko kwenye pauni mia mbili na kitu hadi mia tatu, shambani zinafanya kazi vizuri tu. Ziingize kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari uone. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, mashine inaona bahari yote ni chuma, inapiga kelele kama gari la matangazo. Unapunguza nguvu mpaka inyamaze, na ikinyamaza imeshakuwa kipofu.

Za masafa mengi kwa pamoja ndo zimetatua hilo, zinasoma chumvi na kuitoa. Minelab Vanquish ndo ya bei ya chini ninayoijua vizuri, ila angalia, kwenye Vanquish ni koili tu inayozama, kile kichwa chenye skrini kikipigwa na wimbi ni msiba. Simplex ni kinyume chake, inazama nzima lakini chumvi inaisumbua. Yaani mmoja anaogelea hasikii, mwingine anasikia haogelei. Ukitaka vyote viwili unapanda bei mpaka Minelab Equinox, au hiyo Deus II ya shemeji inayoshuka mpaka mita 20, kama wewe ni mzamiaji.

Halafu kuna PI, zinazotuma umeme kwa mapigo mapigo. Hizi chumvi haizisumbui sana na zinashuka chini sana, wazee wa ufukweni wanaziapia. Ila kutofautisha msumari na pete haziwezi au zinabahatisha, unachimba kila kitu. Mchangani sawa, nusu dakika. Shambani kwenye misumari ya miaka mia nne utachimba kaburi lako.

Pinpointa, kile kifimbo cha kuingiza shimoni, nunua hata kama inabidi ushushe bei ya mashine. Bila hicho unatafuta kitu cha rangi ya udongo ndani ya udongo. Ile ya Garrett ya rangi ya chungwa inaingia majini, na rangi yake ndo imeniokoa mara tatu kuisahau. Chepe imara, hedifoni, na baada ya bahari kila kitu kioshe na maji ya bomba siku hiyohiyo. Na vya mkononi, vilivyokwishatumika na mtu, kagua sana, mi niliuziwa koili feki na jamaa mmoja sitamtaja, stika safi, ndani takataka.

Na nyumbani je

Kila mtu anaishia hapa, "nikienda likizo niibebe, Kilwa si kuna sarafu?" Zipo. Sarafu za shaba za Kilwa zimefika mpaka Australia, mwaka 1944 mwanajeshi aliokota tano kisiwa cha Marchinbar kule kaskazini. Ila Tanzania, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863, huchimbi bila leseni, mkulima wala mwenyekiti wa kijiji hawezi kukuruhusu na hakuna nusu kwa nusu. Kenya nao wana sheria yao ya 2006, kutafuta vya kale ni mpaka leseni. Dhahabu ya Chunya ni sheria ya madini, hiyo nayo ni leseni, na hii mashine yako ya Suffolk haitafanya lolote pale, ule udongo mwekundu una madini ya chuma unaipumbaza, ndo maana wenzetu wa kule wanatumia za PI za bei ya gari. Iache Uingereza, nenda kale pweza.

Nimemchagulia hivi

Shemeji anaishi Ipswich, Suffolk, mkoa ambao watu wanauota. Anafanya kazi shifti, yuko huru katikati ya wiki, hajui kuongea na wazungu wazee lakini ni fundi wa mabomba. Nikamwambia Deus itoe kapuni. Nunua Simplex na pinpointa, hela inayobaki usiiguse. Jiunge klabu miezi mitatu ujue mlio wa msumari, halafu andika barua kumi, na kwenye kila barua andika kwamba wewe ni fundi bomba. Angekuwa Margate au Clacton, miji ya ufukweni, hana gari ningemwambia Vanquish, chepe la matundu na jedwali la maji kujaa na kupwa, asahau wakulima. Na angekuwa anataka vyote viwili tangu siku ya kwanza, Equinox ya mkononi kutoka kwa mtu wa klabu anayemjua.

Leo mchana kajibu. Barua ametuma nne tu, lakini mkulima mmoja kule njia ya Woodbridge kapiga simu mwenyewe. Hajauliza chochote kuhusu ditekta, kauliza kama anaweza kuja Alhamisi kuangalia bomba la maji ya ng'ombe linalovuja.